Dafroza Hakukosa Malengo

Siamini bado. Jana tumemzika Dafroza kijijini kwao, mbele kidogo ya Isikizya, na leo asubuhi nimejikuta namtumia meseji kumuuliza kama ameshafika kazini. Tiki moja tu.

Siku nne za kuumwa. Nne tu, jamani!

Kwa msiomjua: Dafroza alikuwa mpokea asali kwenye kiwanda chetu kidogo hapa Isevya, Tabora mjini. Miaka kumi na moja, mlango uleule, kiti kilekile cha plastiki. Warina asali wanaleta ndoo, yeye anafungua, ananusa, anaonja, anasema ndiyo au hapana. Basi.

Kamati ya mazishi iliniomba niandike wasifu wake. Nikaupeleka. Mjumbe mmoja akausoma, akageuza karatasi kutafuta upande wa pili.

"Dada, mbona kwenye nyadhifa kuna mstari mmoja? Ongeza ongeza kidogo. Andika hata meneja msaidizi, nani atakagua?"

Mwingine akatikisa kichwa kwa huruma: "Alikuwa mtu mwema, ila alikosa malengo."

Alikosa malengo! Nilikuwa nimelia siku mbili mfululizo, machozi yakakauka palepale kwa hasira.

Bosi alimpa promotion mara mbili. Ofisi ya Dar es Salaam, kiti cha kuzunguka, kiyoyozi. Mara zote mbili alishukuru, akarudi mlangoni. Nilimwita mjinga, tena usoni.

Akacheka. "Asali mbaya ikishaingia, huko ofisini mtaiombea? Kazi hii naipenda, na naiweza. Mungu kanipa, naongeza nini?"

Na msidhani alikuwa mnyonge. Kuna wiki mzigo ulikuwa mdogo na mteja anasubiri, bosi akaja mwenyewe mlangoni kutaka asali changa, yenye maji, ipite. Dafroza alisimama, akakunja goti kidogo. "Shikamoo, bosi. Hiyo haipiti." Akakaa. Haikupita.

Jumamosi alifagia kanisa na wanajumuiya wenzake, Jumatatu akafagia mlango wa kiwanda. Sikuona tofauti ya ufagiaji. Wala sikuwahi kumsikia akimhubiria mtu.

Sasa naja kwangu.

Mwaka juzi aliomba ruhusa ya siku moja kwenda ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mimi, supervisor mzima, nikakaa kwenye kile kiti. Mzee mmoja akaleta ndoo sita. Nilikuwa na mafua, na simu sikioni. Nikaonja haraka haraka, nikapokea, nikaimimina kwenye pipa kubwa.

Mtu yeyote wa Tabora angeuliza: mzee, ndoo zililala wapi? Huku kwetu anayerina asali ndiye huyohuyo anayelima tumbaku, na akiona wingu zito husukumia ndoo ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Asali hunyonya harufu. Dafroza aliuliza kila ndoo, kila siku. Mimi sikuuliza.

Pipa zima likanuka tumbaku. Mteja akarudisha mzigo wote.

Kwenye meeting bosi aliuliza nani alipokea. Nikaangalia meza.

"Mlango ni wangu," Dafroza akasema. "Niandikeni mimi."

Mwaka ule ndiye aliyekuwa atangazwe mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Jina lake likafutwa, likasomwa langu. Nikapanda jukwaani, nikapeana mikono, nikapiga picha. Wengi wenu mlinipongeza humu humu.

Jioni ile nilimfuata kwake nikilia. Nikamwambia nakwenda kusema ukweli.

"Usiseme. Wewe jina likichafuka utaugua. Mimi halijanipunguzia kitu. Kesho ndoo zinakuja kama kawaida."

Na alimaanisha. Kesho yake alipanda bodaboda mpaka kwa yule mzee, wala hakumgombeza. Alimwomba tu ndoo zilale ndani ya nyumba. Mimi hakunikumbusha hata siku moja, hata kwa utani, hata tulipogombana, na tuligombana sana.

Huyo ndiye mnayesema hakufika popote. Mimi nilifika. Nilifika mpaka jukwaani, na tangu siku hiyo kila nikikiona kile cheti ukutani naangalia pembeni.

Kwa hiyo jana nilisoma wasifu mfupi vilevile ulivyokuwa. Nyadhifa: mpokea asali. Halafu nikaweka karatasi chini, nikasema yote haya mbele ya jeneza, mbele ya padri, mbele ya bosi. Mjumbe wa kamati akanivuta kitenge: "Dada, kaa, unajiharibia." Sikukaa.

Leo inbox imejaa. Mnaniambia ningenyamaza, mbona marehemu mwenyewe alinyamaza? Ndiyo, alinyamaza, kwa kunipenda. Mimi nilinyamaza kwa woga. Msituweke kapu moja.

Kwa wasiokuwepo msibani narudia: kile cheti si changu. Nimekishusha asubuhi hii na nakipeleka kwa mama yake. Bosi, najua unanifuatilia humu. Kesho saa mbili niko ofisini kwako. Ukitaka kunishusha cheo, nishushe.

Na ninyi wa "alikosa malengo", tafuteni mtu mmoja tu, kati ya wote wenye vyeo mnaowajua, ambaye angefanya alichofanya yule dada wa mlangoni. Mkimpata mniite nimwamkie.

Dafroza. Ulinikataza nisiseme, na miaka miwili nimekutii, kwa sababu utii ule ulinifaa mimi. Jana na leo nimekuasi mbele ya watu wote. Kama umekasirika, utanisema tukikutana.

Lala salama, dada yangu.