Harufu ya Esanse kwenye Oili

Niliporudi Bukavu na diploma ya umakanika, nilijiona najua gari kuliko papa. Nilimimina chupa nzima ya dawa ya kusafisha karabureta ndani ya tangi ya gari yake, nikaacha moteri izunguke saa nzima. Sikujua kwamba dawa na esanse, yaani petroli, vinashuka mpaka kwenye oili ya moteri na kuifanya nyepesi kama maji, isiweze tena kuilinda moteri.

Kesho yake tulimupeleka mama, mugonjwa sana, hospitali ya Katana. Kwenye mulima moteri ilikwama. Tulimubeba kwa miguu, akatufia njiani.

Kisha matanga niliomba papa musamaha.

“Asubuhi ile nilipima oili, nikasikia inanuka esanse,” akasema. “Sikutaka kukupatisha haya mbele ya mama yako.”