Binti wa Akili Mnemba na Hotuba ya Bosi

Juzi nilikuwa kaunta ya ofisi moja hapa Same, nikisubiri kugongewa muhuri. Binti wa kidato cha tano, aliyeshuka alfajiri kutoka Mhezi, huko milimani, alimwamkia bosi na kuomba nafasi ya kujifunza kazi za akili mnemba wakati wa likizo.

“Marahaba, mwanangu. Mambo hayo ni ya wenye digrii. Una uzoefu gani?” Kabla hajajibiwa, bosi akamsukumia simu yake. “Hebu niandikishie humo, kwa hiyo akili mnemba, hotuba ya kongamano la vijana, mimi inanigomea.”

Binti akabonyezabonyeza, hotuba ikatoka. Bosi akaisoma, akakunja uso. “Haina akili kabisa hii! ‘Itifaki imezingatiwa’ iko wapi?”

Binti akairekebisha. Bosi akasoma kwa sauti, mkono kifuani: “Milango ya ofisi yetu iko wazi kwa vijana wa akili mnemba!” Foleni nzima tukapiga makofi.

“Safi sana,” akamwambia binti. “Sasa kasome, ukishapata uzoefu urudi.”

Msije mkasema alinyanyaswa. Aliitwa mwanangu, akasifiwa, na hata mlango wa kutokea alifunguliwa. Itifaki ilizingatiwa.