Niliitika "Abee" Ulaya, mama akatulia Mtoni

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Mie ni wale wa kusoma na kupita kimyakimya, ila leo yamenifika shingoni. Sina sababu ya kudanganya, aibu yenyewe ni yangu.

Naitwa Somoe, mzaliwa wa Mtoni, Temeke. Ni nesi. Mwaka wa tatu huu niko kwenye nyumba ya kutunza wazee, nchi moja ya Ulaya. (Wale mnaodhani kule ni kupiga picha kwenye theluji, nendeni mumgeuze mzee wa kilo tisini kitandani halafu tuongee.)

Kuna bibi mmoja namhudumia, kumbukumbu zimemtoka. Kila siku saa kumi alasiri, kwa saa za kule, anageukia mlangoni na kuita, "Klara!"

Klara ni binti yake. Alishafariki zamani.

Sheria ya kazini ni kwamba usimwitikie kama vile wewe ndo Klara. Mpe chai, mbadilishie stori. Nikawa nafuata hivyo.

Lakini nyie mnajua sie tulivyolelewa. Mzazi akuite ukae kimya? Utaona cha moto!

Basi siku hiyo bibi kaita, kaita, mpaka sauti ikamkauka, machozi yanamtoka. Nikajikuta tu nimesema, "Abee, mama!"

Kwa Kiswahili kabisa, jamani.

Akanyamaza. Akatabasamu, akasema kwa lugha yao, "Haya, mwanangu, basi."

Nilisikia raha mwenzenu. Toka hapo kila saa kumi naitika "Abee", naye anatulia. Hata Mfilipino ninayepokezana naye shifti nikamfundisha.

Sasa turudi Mtoni.

Mama anaishi na dada yangu Mwanaidi. Kila nikipiga simu naambiwa mama kalala, mara anaswali, mara kaenda kwenye shughuli. Miezi mitano! Na ile tabia yetu mnaijua, aliye mbali haambiwi ugonjwa, eti asichanganyikiwe. Siku moja nikambana Mwanaidi mpaka akalia.

"Mdogo wangu, mama kapoteza kumbukumbu. Alikuwaga anakaa sebuleni kila ikifika saa kumi na mbili jioni, anakuita 'Somoe! Somoe!' mpaka majirani wanakuja. Ila sasa afadhali, anaita mara moja tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya harusi ya mtoto wa jirani. Aliita, akatabasamu, akasema, 'Haya, mwanangu, basi.' Na kila siku ndo hivyohivyo."

Wakuu, hapo nikaanza kupiga hesabu.

Ile harusi naikumbuka, maana nilikuwa naangalia video zake kwenye grupu wakati wa mapumziko. Niliporudi kwa bibi ndo nikamwitikia kwa mara ya kwanza. Na saa kumi ya kule ni saa kumi na mbili ya Dar.

Nikaomba likizo ya dharura, nikapanda ndege.

Nimefika juzi. Mama kakonda, ila msafi, kapakwa mafuta vizuri. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We mtoto wa nani?"

"Mie Somoe, mama."

Akacheka. "Somoe yumo humo ndani, kavaa bluu. Nikimwita tu ananiitikia, hanaga kiburi mwanangu."

Sare yetu ya kazini ni bluu. Sijawahi kutuma picha yake nyumbani hata siku moja.

Nikasema poa, ngoja jioni ifike. Nikakaa naye kochi moja, nimemshika mkono. Saa kumi na mbili akageukia chumba changu cha zamani, ambacho hakina mtu.

"Somoe!"

Nikafungua mdomo niseme abee. Kabla sijatoa sauti, mama akatabasamu.

"Haya, mwanangu, basi."

Akautoa mkono wake kwangu taratibu, kama anavyoutoa kwa mgeni.

Simu yangu ikalia. Meseji ya yule Mfilipino: "Bibi yako ameita sasa hivi. Nimemwitikia kama ulivyonifundisha."

Nililia, sikuficha.

Funzo langu ni moja: ndugu aliye mbali mwambieni ukweli mapema. Ningejua miezi mitano nyuma, ningekuja kumwitikia mama mwenyewe.

Ila ushauri ndo nauhitaji. Nimwambie Mfilipino aache? Akiacha, yule bibi atarudi kulia. Na huku mama labda ataniita mpaka sauti imkauke, nami naogopa hata nikiitika asinitambue. Nisipomwambia, mama ana binti anayemtosha, na binti huyo si mie.

Karibuni, hata wa kunitukana nawapokea. Naomba tu mnijibu kabla ya saa kumi na mbili.