Moto wa Rohoni

Mimi na dada yangu mdogo tuliugua koo wiki ile ile, mwaka ambao baba alipanda majani chai kwa mara ya kwanza. Mama alinipeleka mimi hospitali ya Othaya nikadungwa sindano, kwa sababu nilikuwa naingia sekondari na shule haingoji mtu. Dada alisukutua maji ya chumvi. Baadaye magoti yakamvimba, kisha akaanza kulalamika kwamba roho inamuuma. Kwetu roho ni neno moja tu: ile inayopiga kifuani na ile inayoona wivu. Mama akamwambia aache wivu, zamu yake ya shule itafika. Tulimzika kabla chai haijaanza kuchumwa.

Nikasoma, pengine kupita kiasi, na miaka ya sabini ikanikuta kwenye maabara Nairobi nikipasua mioyo ya panya. Kila seli imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta. Ikisumbuliwa, hukata kipande cha mafuta hayo na kukigeuza kuwa ujumbe wa kuita uvimbe. Swali letu lilikuwa nani anayetuma ujumbe huo moyoni: ni seli nyeupe za damu zinazokimbilia huko, au ni seli za moyo wenyewe? Nililipenda swali hilo. Liliniwezesha kumfikiria dada kutwa nzima bila kumtaja.

Likizo moja, tukichagua njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, jikoni, mama akaniuliza hasa kazi yangu ni nini. Nikamweleza jinsi ugonjwa wa koo unavyoweza kuwasha moto moyoni. Akaokota kijiwe na kukitupa, macho kwenye ungo.

“Na hiyo moto,” akauliza, “inatoka inje ama inatoka kwa roho yenyewe?”

Nikajibu kama mtu wa maabara. “Ingine inatoka kwa roho yenyewe, mama.”

Akashusha pumzi. “Nilijua. Huyo mtoto alikuwa na wivu sana.”

Uso wake ukalegea, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi. Kumsahihisha kungekuwa kumwambia kwamba pengine sindano ingemwokoa, na sindano nilipewa mimi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, lakini nikavuta ungo na kuendelea kuchagua njahi. Tangu siku hiyo mama analala vizuri, na kosa tumemwachia dada yangu.