Kadi za Mpira na Kiganja cha Asila

Sisi tuliokulia Ibra, huku Omani, zama zile za kiyoyozi kimoja nyumba nzima, na hicho kimoja kikakaa chumbani kwa wazee, tulikuwa na ujinga wetu, sikatai. Ila ulikuwa ujinga wa nje, wa juani, wenye vumbi na magoti yaliyochunika. Siku hizi nikimsikia kijana anajisifu kuwa yeye ni mkusanyaji wa kadi za wachezaji mpira, na neno lenyewe analitamka kama anataja shahada ya chuo kikuu, hunijia kicheko kisicho kizuri. Kadi hizo hizo sisi tulizikusanya na mifuko yetu imetoboka, na hakuna aliyetupa cheo.

Zilikuja ndani ya pakiti za chingamu. Kila pakiti ilikuwa na kipande kimoja bapa, rangi ya waridi, kigumu kama kigae, na kadi moja ya mchezaji. Chingamu ile ilipakwa unga mtamu, na unga ukaingia kwenye kadi, hata ukiilaza kadi chini ya mto mwezi mzima bado inanukia peremende. Utamu wenyewe ulikwisha kabla hujafika nyumbani. Hilo halikutuzuia. Tulitafuna mpaka taya zikauma, tukaibandika kwenye mguu wa kitanda, na kesho yake tukaiendea tena. Nilipomhadithia mwanangu haya alikunja uso akaenda kunawa mikono, utadhani alikuwa kaitafuna yeye.

Pesa za chingamu zilitoka kwa Bibi, mama yake baba yetu, aliyekuja kutoka Unguja na masanduku yake na amri zake zote. Baba alikuwa karani serikalini, na mshahara wake ulikuwa na kazi nyingine. Kila Jumatano Bibi alikwenda soko la wanawake kuuza vitumbua na kofia alizozishona mwenyewe, na mimi na dada yangu Asila tulimbebea ndoo na makapu. Mimi niliishia mlangoni, maana soko lile wanaume hawaingii, hata wanaume wa kimo changu. Asila aliingia, akauza, akarudi amepakaa mafuta mpaka viwikoni. Ujira wetu ulikuwa pakiti moja ya chingamu. Moja, ya sisi wawili. Kipande tulikikata kwa kisu. Kadi haikatiki, kwa hiyo ikawa ya nyumba.

Ndivyo tulivyokusanya. Nyingine tulibadilishana na watoto wa mtaani, nyingine tulicheza. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: kila mtu anaweka kadi zake chini kifudifudi, halafu mnapokezana kupiga ardhi kando yake kwa kiganja kilichopinda kama bakuli. Upepo wa kiganja ukiipindua kadi, umeila, ni yako. Wengi walipiga kwa hasira wakaishia kuumia mikono. Asila hakupiga kwa hasira. Kiganja chake kilikuwa kimezoea kukanda unga wa chapati tangu yungali mdogo, na kilijua kushuka laini na kuinuka ghafla. Kadi zilimgeukia kama zimeitwa.

Sasa mtaani petu alikuwapo Khalfan. Baba yake alikuwa na malori na kampuni ya ujenzi, na Khalfan hakununua pakiti, alinunuliwa katoni. Chingamu aliwatupia mbuzi, na nimewaona mbuzi wa Ibra wakitafuna chingamu kwa uso wa kufikiri kuliko wa Khalfan mwenyewe. Kadi alizitia ndani ya kopo la biskuti. Hakujua jina la mchezaji hata mmoja, wala timu zao. Ukimwuliza huyu anacheza namba ngapi, anakuonesha kopo lilivyojaa. Hakubadilishana na mtu, kwa sababu hakuwa na shida ya kitu.

Na ndani ya kopo lile alikuwamo golikipa. Golikipa wa jezi ya kijani, amepigwa picha akiwa hewani, mwili umenyooka, ncha za vidole zinaugusa mpira. Mtaa mzima ulimtaka golikipa yule. Tulikuwa na mabeki wa kutosha, na tulikuwa na kiungo mmoja mwenye meno mabovu aliyekuwa akitutokea takriban kila Jumatano mpaka tukamchukia. Golikipa hakutokea kwa mtu ila kwa Khalfan, naye mara nyingine alimtoa koponi akamfanya kialamisho cha kitabu cha hesabu.

Asila alimtaka kwa namna iliyonitia hofu. Alikuwa akimtaja usingizini. Baada ya sala ya alasiri siku moja alimkuta Khalfan ukutani, kando ya falaji, mfereji wetu wa maji unaopita mitendeni, amekaa na kopo lake mapajani.

"Cheza na mimi," Asila akamwambia.

"Na wewe msichana?"

"Unaogopa?"

Wenziwe walikuwa wanasikiliza, basi akacheza. Alianza na kadi moja, akaliwa. Akaweka mbili, akaliwa. Mtu mwenye akili angeondoka. Yeye aliinamisha kopo na kuzimwaga zote, akiamini wingi utamsaidia, jinsi alivyofunzwa kwao. Jua lilipoteremka nyuma ya mitende kopo lilikuwa tupu, na Asila alikuwa amefunga fundo kubwa kwenye mtandio wake, golikipa juu kabisa.

Maghrib haijaadhiniwa mama yake Khalfan akawa kibarazani kwetu. Bi Shamsa, naye mtu wa Unguja kwa asili, alikuja na manukato yaliyomtangulia, na Khalfan nyuma yake, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Shamsa. Karibu ukae."

"Sikai. Binti yenu kamlia mwanangu kadi zake zote. Hii kamari, wallahi. Haramu."

Bibi aliweka chini kofia aliyokuwa akishona. "Kamnyang'anya, au walicheza?"

"Walicheza, lakini..."

"Basi kamari ni ya wawili. Asila, lete kadi za mwenzako."

Asila alileta. Alizileta taratibu, na golikipa alimtoa mwisho. Bi Shamsa alizihesabu kwa macho, jinsi watu wenye mali wanavyohesabu.

"Na wewe Shamsa," Bibi akasema, "kadi ambazo mwanao kawalia wenziwe naye arudishe."

"Mwanangu hajamlia mtu kadi hata siku moja."

"Hilo nakusadiki," akasema Bibi, akaokota kofia yake.

Lakini hukumu haikuishia kwao. Walipoondoka tu, Bibi alitaka na kadi zetu nyingine zote za kushinda, akatupeleka nyumba kwa nyumba kuzirudisha. Tulibaki na zile tulizozitoa ndani ya pakiti zetu wenyewe na chache tulizobadilishana, yaani kiungo mwenye meno mabovu na ndugu zake. Asila hakula chakula. Alilala kaelekea ukutani.

"Nilimshinda," akasema.

"Najua," Bibi akamjibu. "Nilikuwa dirishani nakutazama. Una mkono mzuri. Lakini huwezi kula mali ya watu kisha ukaniita mimi bibi yako."

Hakumbembeleza zaidi ya hapo. Zama zile mtoto hakubembelezwa kwa mapana. Leo mtoto akinuna kidogo familia nzima inakaa kikao, na mwisho wake ananunuliwa simu mpya.

Siku chache baadaye nilimkuta Asila sakafuni na boksi la sabuni, mkasi na kalamu za rangi za skuli. Alikuwa anakata kadi. Kadi ya kwanza kuichora alikuwa mlinzi wa skuli yetu, mzee mnene aliyekuwa akilala getini, naye alimfanya golikipa, amelala hivyo hivyo, mpira unapita juu ya tumbo. Akamchora mwalimu wa Kiarabu kama refa, shavu limejaa filimbi. Akamchora Bibi, namba tisa mgongoni, kanga imekazwa kiunoni, anapiga mpira wa kichwa na kikapu cha vitumbua hakijaanguka. Nyuma ya kila kadi aliandika sifa za mchezaji, Kiarabu kama tulivyosomeshwa. Ya Bibi peke yake aliiandika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa hatukujua nyingine: "Hakimbii sana. Haachi mpira upite."

Bibi alipooneshwa aliigeuza mbele na nyuma, akasema miguu yake haikupinda kiasi kile, akaitia ndani ya mkoba wa sala. Haikutoka tena.

Habari zilienea. Watoto walikuja na kadi zao za dukani kutaka kubadilisha na za Asila. Naye alikuwa na sharti: hizi haziliwi, hazichezwi, zinabadilishwa mkono kwa mkono. Mlinzi aliyelala alikwenda kwa washambuliaji wawili wa Ulaya. Watu walicheka mpaka mlinzi mwenyewe akamtafuta Asila, tukadhani ameudhika, kumbe anataka yake.

Khalfan alikuja wa mwisho. Alisimama ukutani bila kopo, golikipa mkononi.

"Nichore mimi," akasema. "Nitakupa huyu."

Asila alimtazama golikipa, kisha akachukua kalamu. Alimwambia akae. Khalfan alikaa, kanzu nyeupe, nywele zimechanwa, kidevu juu kama picha ya pasipoti. Asila alichora bila kuharakisha, kisha akampa.

Khalfan alitazama. Alikuwa amechorwa benchi, jezi safi bila kunyanzi, mikono mapajani.

"Kwa nini nimekaa?"

"Kwa sababu hujawahi kucheza."

Nilingoja aende kumwita mama yake. Hakwenda. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukitarajia, ukaacha kujivuna. "Nichore tena, nacheza," akasema kwa sauti ndogo.

"Cheza kwanza."

Tulichezea kwenye wadi, bonde la mto mkavu, juu ya changarawe, kwa sababu uwanja mwingine hatukuwa nao. Kesho yake Khalfan alikuja. Viatu vyake vipya viliteleza, akavivua, na miguu yake ya zulia ikakutana na mawe. Alianguka mara nyingi kuliko alivyougusa mpira, wakamcheka, akainuka. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Alikuwa mchezaji mbaya na alibaki kuwa mbaya, hilo siwezi kumpunguzia, lakini alikuja. Wiki ilipokwisha Asila alimpa kadi ya pili: Khalfan anakimbia, mdomo wazi, damu gotini, mpira mbali kabisa na yeye. Khalfan akaibusu mbele yetu sote. Golikipa akamwachia Asila, na hakumwuliza mtu nyumbani.

Na golikipa huyo, aliyetajwa mpaka usingizini, mwisho wake? Asila alitembea naye mfukoni. Alimwonesha kila aliyesimama. Pembe zikalainika, jezi ya kijani ikapauka kwa jasho, na siku moja akaingia ndani ya beseni pamoja na sare ya skuli, akatoka uji. Asila alisikitika mpaka wakati wa chakula cha mchana. Alasiri ile ile alikuwa ukutani anachora.

Leo Asila anakaa Nizwa, anasomesha hesabu, na ana kijana mkubwa, Muhannad, mfanyakazi wa benki. Nilikwenda kuwazuru Eid iliyopita. Muhannad ananiita khalu, mjomba limemshinda, na Kiswahili chake kimebaki salamu na majina ya vyakula, kwa hiyo twazungumza Kiarabu. Alinipeleka chumbani kwake kunionesha kadi zake za mpira. Kwa baridi ya chumba kile ungeweza kuhifadhi samaki. Kadi zimepangwa rafuni, kila moja ndani ya kifuniko kigumu cha plastiki, na kila kifuniko kina namba ya alama iliyotolewa na watu wa nchi ya mbali waliolipwa kuipima kama ina mkwaruzo. Nilinyoosha mkono.

"Khalu, tafadhali, usiiguse hiyo."

"Unacheza na nani?"

"Hazichezwi."

"Unabadilishana na nani?"

Akanionesha simu. Mtu fulani, hamjui jina, hajui sura, wanatumiana bei. Nikamwuliza kama rafiki zake wanakuja kuziona. Akasema anatia picha mtandaoni. Haya, nikasema, picha ya picha.

Mwisho wa rafu palikuwa na pakiti moja peke yake, imewekewa taa yake. Hiyo ndiyo ya thamani kuliko zote, akaniambia, na sauti yake ikashuka kama mtu aliye msikitini. Ni ya zamani, na haijafunguliwa.

"Utaifungua lini?"

"Haifunguliwi, khalu. Ikifunguliwa inashuka bei."

"Kwa hiyo hujui ndani yumo nani."

"Sijui."

"Wala hutajua."

Alinyanyua mabega na kurekebisha taa. Asila alikuwa mlangoni na sinia la halwa, amesikia yote. Tulitazamana, mimi na yeye, watu wazima wenye mvi. Nilijua anaona ninachokiona mimi: mlango wa duka, jua la saa saba, na sisi wawili tunagombea pakiti, yeye anaishika huku, mimi naishika kule, mpaka anaichana kwa meno na kutema karatasi, na hatujaondoka kizingitini tumeshamwona aliyemo ndani na kumwita kwa jina lake.