Mkuyu Ulioupa Mto Mgongo

Mimi ni mtu wa Chanji, huku juu Ufipa, na sebule yangu. Safari yangu kubwa ya wiki ni kwenda dukani kununua mkate, na hiyo nayo naiahirisha kukiwa na upepo. Kwa hiyo dada yangu Skola aliponipigia simu alfajiri kutoka bondeni, upande wa Muze, akaniita niende huko siku hiyohiyo, nilijua mambo yameharibika.

"Shemeji yako kanoa shoka," alisema. "Anataka kukata mikuyu yote ya kando ya mto. Eti ndiyo inayomaliza maji, nyanya zake zinakauka."

"Mkataze basi."

"Nimkataze vipi? Si wewe ndiye uliyemwambia!"

Ni kweli. Kwenye kipaimara cha binti yao, nikiwa na kikombe cha tatu cha pombe ya ulezi, nilitangaza kwamba mkuyu wa kando ya mto hunywa mto wenyewe, na kwa ulevi unatushinda sisi sote. Watu walicheka. Shemeji Deo hakucheka. Alisikiliza, maana nilikuwa na C ya biolojia, na kwenye ukoo wetu hiyo ni kama udaktari. Sasa nyumba yao imesimama nyuma ya mikuyu hiyo. Mizizi ikifa, masika yatakula ukingo, kisha yatakula nyumba, na watoto wanne wamo ndani.

Saa moja asubuhi nilipanda Landkruza ya abiria nikiwa nimevaa sweta mbili. Tambarare ya Ufipa ilikuwa ya amani, matuta ya mahindi huku na huku. Kisha ardhi ikaisha. Barabara inashuka ukingo wa bonde kwa kona ambazo dereva anazikata akiwa anamenya karanga. Upande wangu dirishani hapakuwa na kitu, hewa tu. Nilisali rozari nzima kwa kutumia vifungo vya sweta.

"Kaka, fumbua macho, tumefika chini," mama mmoja aliniambia. Hatukuwa tumefika. Alitaka tu kuona nitafanya nini.

Saa sita nilikuwa kwa dada, sweta zote mbili mkononi. Mto ulikuwa umebaki kamba ya maji. Mikuyu mitano ilisimama ukingoni, mibichi ajabu. Wa sita ulikuwa kisiki.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunisaidia kukata?"

"Ulipokata ule, mto uliongezeka?"

Akakitazama kile kisiki. "Mmoja hautoshi."

Nikasema tuchimbe kabla ya kukata, tuone mti unanywa wapi. Nilimaanisha yeye achimbe. Akanipa jembe. Akaketi ukingoni, shoka mapajani.

Alasiri nilikuwa kwenye shimo lililonifika kiunoni, kati ya mkuyu na mto, hatua kama kumi kutoka majini. Mchanga wa pembeni ulikuwa ukitiririka polepole kwenye viatu vyangu. Kisha nikafunua mizizi, myembamba, mingi, yote imeelekea mtoni.

"Haya!" Deo akasimama. "Naona kwa macho yangu. Inafuata maji."

Dada akaja mbio. "Mdogo wangu, chimba zaidi!"

"Dada, hili shimo litanifunika."

"Na nyumba yangu je?"

Niliomba panga, nikaukata mzizi mmoja. Ulitoa maji tu. Lakini mkuyu ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mtoto yeyote wa huko anajua. Nikauvuta ule mzizi: ukanipeleka hadi kwenye matete ya majini.

"Hii ni ya matete, shemeji! Hayo ndiyo yanayofuata maji."

"Wa mkuyu uko wapi?"

Ulikuwa chini. Mnene kama paja, unatoa maziwa, na haukuelekea mtoni hata kidogo. Ulishuka wima. Niliufuata hadi shimo likanifika kidevuni. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga, na bonge moja likaporomoka nyuma ya magoti yangu. Nilipiga kelele ambayo sitaieleza. Deo akaweka shoka chini, akanishika kwapani, lakini jembe langu lilikuwa limeshagusa kitu cha baridi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unyevu. Mzizi ulizama humo. Upande wa mto, ukuta wa shimo ulikuwa mchanga mkavu mtupu hadi kwenye udongo ule.

Deo aliukanda ule udongo kwa vidole muda mrefu. "Haya ni maji ya masika," alisema. "Yale yaliyozama."

"Nadhani."

"Sasa nyanya zangu zinakaushwa na nini?"

Dada alinitazama. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote matamu.

"Sijui, shemeji."

Deo akaokota shoka, akaliingiza ndani, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Skola ndipo alipokaa chini.

Kesho yake nilipanda mlima kurudi, macho wazi mara hii, kwa sababu nilitaka kuona miti ya makorongoni inasimama wapi. Hofu ilikuwa palepale. Chanji wameniuliza kama ni kweli miti ya kando ya mto hainywi mto. Nawaambia nilichokiona ni mkuyu mmoja, kwenye ukingo mmoja. Mingine sijaichimba.