Mlevi wa Asubuhi Moja

Watu wakidhani nilimpeleka binti yangu kituo cha watoto kwa sababu ya njaa, huwa nakasirika. Kwangu hakuna mtoto aliyewahi kulala njaa. Nilimpeleka kwa sababu ya shule. Ziwa lilikuwa limepanda hadi mtaani kwetu Kihoto na kuingia nyumbani kwetu bila hodi, tukahamia chumba kimoja cha kupanga kule juu maji yasikofika. Baba yake naye akaenda zake, hadi leo haonekani. Mimi kazi yangu ni kufulia watu nguo, na kwa kufua nguo karo haipatikani. Upande wa pili wa mji kulikuwa na kituo ambacho wafadhili wake walimlipia kila mtoto shule nzuri, yenye basi na maabara. Nikamshika mkono, nikampeleka. Ni karibu, ningeweza kwenda kwa miguu kila siku, lakini sheria yao ilikuwa Jumamosi moja kwa mwezi, nami nikawa namtembelea mwanangu kama mgonjwa aliyelazwa.

Alisoma. Jamani, mtoto alisoma! Kila Jumamosi yangu alinionyesha vitabu, akanieleza mambo ya damu na moyo na mapafu mpaka nikachoka kutikisa kichwa. Miaka mitatu hiyo uchungu niliumeza nikanyamaza, kwa sababu nilijua ninachokimezea.

Halafu serikali ikasema watoto wenye jamaa warudi makwao. Mtoto alelewe na familia, si na kituo. Sasa nani atapinga maneno kama hayo? Nilipiga vigelegele mwenyewe chumbani. Afisa wa watoto alikuwa aje kwanza kukagua nyumba, kwa hiyo nikasugua sakafu mpaka simiti ikaanza kutoa unga, nikatafuta godoro, nikaazima pazia kwa mwenzangu wa kwaya. Afisa akaja, mama wa makamo, mpole. Akatazama huku na huku, akasema, "Mama, hii nyumba yako ni ya heshima." Mtoto akarudishwa kwangu, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Hakuna aliyeniambia kwamba karo haina miguu ya kumfuata mtoto. Shule zilipofunguliwa nikampigia simu mkuu wa kituo nimuulize basi litamchukulia wapi. Akanijibu, "Mama, wafadhili wetu wanalipia watoto wanaolala hapa. Huyo sasa ni wako."

Ni wangu! Kwani alipokuwa kwao alikuwa wa nani? Pesa za kumtoa kwa mama yake zilikuwepo, za kumsomesha akiwa kwa mama yake zimekosekana. Nilimjibu maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua.

Nikaenda ofisi ya serikali kuomba basari ya karo. Wakaniuliza cheti cha kifo cha baba yake. Nikasema yuko hai. Wakasema basi mtoto si yatima, kuna yatima wengi wanangoja, pisha mwingine. Haki ya Mungu, nilitoka pale nikimtakia mtu kifo. Shule ya karibu, ile ya bure kwa jina, ilitaka hiki na kile, na mwalimu wa sayansi hawakuwa naye. Na huu ulikuwa mwaka wake wa mtihani, gredi ya tisa. Akaanza kuandamana nami kwenda kufua. Siku moja tukiwa tumeinamia beseni moja akaniambia, bila machozi, "Mum, nirudishe."

Nikampigia tena mkuu wa kituo, safari hii kwa adabu. Akasema hawezi kumpokea mtoto mwenye mzazi, labda afisa akute nyumba haifai. Akarudia: haifai kabisa. Na afisa alikuwa arudi asubuhi moja wiki hiyo kuona mtoto anaendeleaje.

Sawa. Mmetaka nyumba isiyofaa, mtaipata.

Jirani yangu anauza pombe ya chang'aa. Nilipobisha kwake akashika kiuno. "Ala! Mama kwaya! Leo umepotea njia ama wokovu umeisha?"

"Niazime chupa tupu," nikamwambia. "Na kikombe kimoja kilichojaa."

"Cha kunywa?"

"Cha kujimwagia."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nilipomweleza, kicheko kikakatika. Akanipa chupa, akanipa kikombe, na hakutaka hata shukrani. "Aki hii Kenya," akasema, akafunga mlango.

Nikaivuruga nyumba niliyoisugua. Nikakunja godoro nikalificha kwa jirani, nikamwaga uji sakafuni, nikapanga chupa kitandani, nikajimwagia kile kikombe kifuani. Maishani mwangu sijawahi kuonja pombe. Tulikuwa tumepatana na binti yangu: akiulizwa, aseme mama anakunywa. Basi, hayo tu.

Afisa akaja, yule yule. Akasimama mlangoni, harufu ikamrudisha nyuma, nami pale sakafuni nilipoketi nikalegeza shingo, nikaongea ovyo. Nilidhani atakasirika. Woi, akanihurumia! Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. "Mama, juzi tu hapa palikuwa safi. Najua wewe si mtu mbaya. Kuna watu wa kukushauri, utaacha pombe taratibu, na mtoto atabaki na wewe." Akamgeukia binti yangu. "Si ungependa kubaki na mama?"

Nikaona mpango wote unaharibika kwa sababu ya wema wa mtu mmoja. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na jiko, akiwa amevaa sare ya shule. Alimtazama yule afisa usoni.

"Ananipigaga," akasema. "Kila siku. Ata jana."

Hilo hatukuwa tumelipanga. Sijawahi kumwinulia mkono, na alilisema wazi, kwa sauti ile ile ya kunieleza mambo ya mapafu. Afisa akasimama. Huruma ikamtoka usoni hapo hapo, akamwambia akusanye vitu vyake, na mimi akaniambia nishukuru hanipeleki polisi. Nilitaka kumkumbatia mwanangu akitoka. Lakini anayepiga mtoto kila siku hamkumbatii mbele ya afisa, kwa hiyo nikabaki sakafuni, na yeye akapita bila kugeuka, kama inavyompasa mtoto anayepigwa.

Jioni mkuu wa kituo akanipigia. Akasema amefika salama, kesho anaingia darasani, karo yote italipwa hadi mtihani. Nikamshukuru. Nikamuuliza Jumamosi yangu mwezi huu ni lini.

Akasema sina tena Jumamosi. Afisa ameagiza nisimkaribie mtoto.